Kiriba Kilichompiga Mbwa Mwitu

Kiriba kililetwa na Burulsun, shangazi wa bwana harusi, wiki mbili kamili kabla ya harusi. Alikipakata mapajani tangu Kochkor, akavuka nacho mlima wa Dolon na kona zake zote mpaka kwetu Naryn, na aliposhuka garini miguu yote miwili ilikuwa imekufa ganzi. Mdomo, lakini, ulikuwa mzima.

"Mkwe! Uko wapi, mkwe? Toka tukuone kama mikono yako inajua kitu zaidi ya kukoroga chai!"

Kwetu huku wakwe ni watani, na mkwe asiyetania hudhaniwa ana kinyongo. Kalyicha, mama wa bibi arusi, akatoka karakanani na msharasi wa kutobolea ngozi mkononi, nyuzi za kano zikining'inia shingoni.

"Karibu, mkwe. Kwa mbali sikukutambua. Nikasema, alhamdulillahi, ngamia wetu aliyepotea amerudi mwenyewe."

"Ngamia huyu amekuletea kazi. Mtukane tena, ageuze nayo."

Wakakumbatiana, wakacheka, chai ikaandaliwa. Jipar, bibi arusi mwenyewe, akawamiminia nusu bakuli nusu bakuli kwa heshima, maana kwetu chai ikijazwa ni kumfukuza mgeni, macho chini, naye Burulsun akamsifu mikono huku akimuuliza mama yake kama mtoto huyo aliokotwa, maana uzuri ule haukutoka nyumba hii. Halafu ndipo shali ikafunguliwa, kiriba kikawekwa juu ya kitambaa.

Kalyicha akakiinamia. Kazi yake ni hiyo, kuponya ngozi za kale: matandiko, podo za mishale, mikanda ya mabibi waliokwisha kufa, na hata jumba la makumbusho la mjini humletea vitu vyake vikishapasuka. Lakini kiriba kama hiki alikuwa amekiona mara mbili tu maishani. Ngozi ya shingo ya ngamia, nyeusi kwa moshi wa miaka mia na ushei, mabega mawili yaliyopinda juu, shingo nyembamba, na tumboni nakshi ya pembe za kondoo dume iliyokandamizwa kwa mfupa na mkono usiotetemeka. Aliyeitia nakshi ile hakuwa mtu wa mchezo.

Ila hali yake! Mshono wa chini ulikuwa umeachia. Ngozi imekauka mpaka inalia ukiibonyeza. Na ubavuni, katikati kabisa ya nakshi, palikuwa na kiraka. Lo, kiraka gani! Kipande cha buti, kikubwa kama kiganja, kimeshonwa kwa kamba ya nta kwa mishono mirefu na mifupi, mmoja unakwenda Naryn na mwingine unarudi Kochkor.

"Tangu baba, mzee Sadyrkul, afariki kimening'inia ukutani tu," Burulsun alisema. "Miaka kumi na saba. Sasa mama, Bibi Totuya, amekata shauri. Anasema bibi arusi atanyweshwa kumisi ya maziwa ya farasi kutoka humu, mbele ya watu, au harusi haina baraka. Kwa hiyo, mkwe, kishone. Na kikivuja siku ile, mwanao tutamwita Mvujishaji mpaka meno yamwishe."

Wote wakacheka. Kalyicha naye akacheka, lakini moyoni haikumkalia vizuri. Alikuwa na shangazi aliyeunguza mkate siku ya kwanza ukweni. Alizikwa akiwa na wajukuu ishirini na sita, na bado watu walimwita Masizi. Utani wa wakwe ni mtamu, ila ukishika haubanduki. Kosa lake yeye kwenye kiriba hiki lingemwangukia Jipar, na Jipar ndiye angeamka nalo kila asubuhi ng'ambo ya mlima, peke yake, mama hayupo.

Kesho yake akaanza. Hakufanya pupa. Siku tatu za kwanza hakushika hata sindano. Alikilaza kiriba ndani ya vitambaa vya unyevunyevu, akakipaka mafuta ya mkia wa kondoo kwa kidole, kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Tolomush, mumewe, alipita mlangoni akachungulia.

"Mimi mgongo unaniuma mwezi wa pili huu," alisema, "na sijapakwa mafuta hata siku moja."

"Wewe una miaka mia?"

"Bado."

"Basi subiri."

Siku ya nne ngozi ikaanza kulegea. Hapo ndipo kiraka kilipoanza kuleta ukorofi. Ngozi ya ngamia ilikuwa inatanuka, ya buti imekaza kama ubao, na kila mshono ulikuwa unakata tundu lake liwe refu zaidi. Kukiacha kile kiraka ilikuwa ni kuacha nakshi ipasuke yote. Kalyicha hakuona la kufikiri sana. Akakata kamba moja moja, akakibandua, akakitupa uani pamoja na vipande vingine vya takataka za ngozi, kama alivyofanya siku zote.

Chini ya kiraka palikuwa na shimo. Akakisogeza kiriba dirishani, akalitazama shimo, akavaa miwani akalitazama tena.

"Baba Jipar, hebu njoo. Unaona nini hapa?"

"Shimo."

"Mungu akupe heri. Nauliza shimo la nini?"

Tolomush akainua mabega. Kalyicha akampitishia kidole chake ukingoni. "Shika. Pagumu, eh? Ngozi imejikunja, imekuwa kama ngozi ya nyama iliyokaangwa. Hapa paliungua. Halafu mtu akachukua kisu akakata sehemu iliyoungua, mviringo, akaitoa. Kisu kizuri na mkono mzuri. Kukata alijua, kushona ndiyo hakujua kabisa."

"Basi wenye kiriba wana moto na wana kisu," alisema Tolomush. "Nimeoa mganga wa ngozi au mpelelezi?"

Wakaishia hapo. Kwa Kalyicha ilikuwa habari ya ngozi tu, na kila ngozi ina yake. Akachonga kipande cha shingo ya ngamia, akakiparura ukingo mpaka ukawa mwembamba kuliko karatasi, akakitia shimoni na kukishona kwa uzi wa kano, akipitisha sindano kwenye matundu ya zamani tu, bila kutoboa hata moja jipya. Juu yake hakutia nakshi. Hiyo ilikuwa kanuni yake, na alikwisha gombana na wateja wengi kwa ajili yake: cha zamani kionekane cha zamani, na cha kwake kionekane ni cha kwake, mtu asidanganyike. Akaushona mshono wa chini. Akakifukizia moshi wa msunobari siku tatu mfululizo, yeye mwenyewe kando yake, bila kuondoka hata kwenda kunywa chai. Alipokijaza maji kukijaribu, halikudondoka hata tone.

Alikuwa na haki ya kujivuna, na alijivuna. Alikitundika mlangoni ili kila apitaye akione.

Zilipobaki siku nne, simu ikalia. Alikuwa Shergazy, baba wa bwana harusi, mtu mwenye sauti ya kuitia farasi walio bonde la pili.

"Mkwe! Kiriba kinaendeleaje?"

"Kimepona, mkwe. Kitakuzika."

"Ha! Safi! Sasa sikia. Nilisahau kumwambia Burulsun, na yeye naye kichwa chake ni ungo. Kile kiraka, mkwe, usikiguse. Hata usikisafishe! Watu wanatoka mpaka Issyk-Kul, na wote watataka kukishika."

Kalyicha aligeuka akatazama uani. "Kukishika kwa nini, mkwe?"

"Alaa! Hujui? Si ndipo mbwa mwitu alipouma! Baba yangu alikuwa malishoni na farasi, kijana, ameoa juzijuzi tu. Mbwa mwitu watatu wakamtokea. Bunduki hana, fimbo hana. Akashika kiriba kimejaa kumisi, akampiga mkubwa wao kichwani, paa! Yule akauma kiriba, jino likapenya ngozi mpaka ndani. Baba akampiga tena mpaka akafa. Halafu akakata buti lake mwenyewe, mkwe, akatia kiraka palepale, akarudi nyumbani buti moja fupi na moja refu. Bonde zima hili wanatuita Wapiga Mbwa Mwitu. Unafikiri tunaitwa hivyo kwa sababu ya nini, kwa sababu ya sura?"

"La, mkwe," alisema Kalyicha. "Si kwa sababu ya sura."

Simu ilipokatika akatoka mbio uani. Vipande vya ngozi vilikuwapo, vichache. Na Moynok, mbwa wao, alikuwa amelala juani ametanua tumbo, na mbele ya pua yake palikuwa na kamba ya nta iliyotafunwa, urefu wa kidole. Kiraka kilikuwa kimenyonya kumisi na siagi miaka sabini. Hakuna mbwa duniani ambaye angekiacha.

"Mtume!" Kalyicha alishika kichwa. "Moynok, umekula ukoo wa watu!"

Moynok akatikisa mkia.

Tolomush alipoelezwa, kwanza alicheka, na alipouona uso wa mkewe akaacha. Akaingia ndani, akatoka na buti lake la zamani.

"Hili hapa. Kata."

"Nikate nini?"

"Kiraka. Nani aliyekikariri? Ngozi ya buti ni ngozi ya buti. Kipake masizi, kipake siagi, kishone vibaya vibaya, yaishe."

Jamani, mtu akizama hushika hata jani. Kalyicha akakata kipande, akachukua kamba ya nta, akaanza kujaribu juu ya ngozi mbovu ya mazoezi. Akajilazimisha kushona vibaya. Akatazama: mishono imekaa safu, sawasawa, kama askari. Akafumua, akafumba macho, akashona tena. Ikatoka mizuri zaidi.

"Mkono wangu umekataa," alisema, karibu kulia.

"Lete." Tolomush, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushona hata kifungo, akakaa, akatoa ulimi pembeni, akashona. Alipomaliza, wote wawili wakakitazama kwa mshangao. Kilikuwa kilekile! Mshono mmoja Naryn, mwingine Kochkor. Hata mama mzazi wa kiraka asingekitofautisha.

"Umeona?" Tolomush alisema kwa majivuno. "Na mimi nina kipaji."

Kalyicha akakishika, akakipeleka mpaka penye kiriba. Ya zamani yalikwisha jaa uzi wa kano, kwa hiyo ili kukibandika ilimbidi atoboe upya, matundu thelathini na kitu, kwenye nakshi ile, kwenye ngozi iliyokwisha pona. Akamwaza Jipar, akaliwaza jina la Masizi. Msharasi aliushika mara mbili, na mara mbili akauweka chini.

"Siwezi, baba Jipar. Nitoboe ngozi ya watu ili nidanganye watu? Halafu nikae nile nyama yao? Nitasema ukweli. Nimekitoa mimi, amekila mbwa wangu, basi."

"Na mbwa mwitu?"

Hapo ndipo Kalyicha alipokumbuka lile shimo. Akalikumbuka vizuri, ukingo mgumu na mkato wa kisu. Jino halikati mviringo, na mbwa mwitu hawi na makaa kinywani. Akamtazama mumewe, mumewe akamtazama.

"Hayupo," alisema Kalyicha polepole. "Hakuwapo mbwa mwitu yeyote."

"Lo! Basi umepona! Wakikubana, waambie. Nani atakulaumu kwa kutupa kiraka cha uongo?"

"Na wao nitawaacha na nini? Siku ya harusi, mbele ya wageni mpaka wa Issyk-Kul, nimwambie mtu baba yake alikuwa mwongo? Jipar atakaa nyumba hiyo namna gani?" Akatikisa kichwa. "Ya kiraka ni yangu, nitayasema. Ya mbwa mwitu si yangu. Na wewe ulimi wako utie kufuli."

Siku ya harusi walivuka Dolon magari matatu. Kabla hawajashuka vizuri wanawake wa Kochkor walikwisha wavamia. Tolomush alipakwa unga uso mzima, akavishwa kitambaa cha kike, akachezeshwa ngoma uani huku akiapa kulipiza. Kalyicha alikokotwa mpaka ndani ya hema kubwa, akakalishwa mahali pa heshima, juu ya magodoro ya kukalia yaliyopandana, karibu kabisa na Bibi Totuya. Bibi alikuwa na miaka themanini na tisa, mdogo wa mwili, kitambaa cheupe kichwani, macho makali yasiyokosa kitu. Alimpa mkono, akaushika wa Kalyicha, akaugeuza, akatazama sugu za vidole.

"Huu ni mkono wa kazi," alisema. Hakusema zaidi.

Nyama ikaja, mchuzi ukaja, maandazi yakamwagwa mezani kama mvua ya mawe. Nyuma ya Kalyicha, Burulsun alikuwa anajishughulisha sana na kupanga mito, jambo ambalo mtu mwingine angelitilia shaka. Kalyicha hakuona kitu. Macho yake yalikuwa mlangoni.

Hatimaye Shergazy akasimama, akapiga makofi. Jipar akaingizwa na bwana harusi wake, amejitanda, mwekundu kwa haya. Kiriba kikaletwa kimejaa kumisi, maziwa ya farasi yaliyochacha vizuri, na watu wakaguna kwa kuridhika walipoiona nakshi ikimetameta.

"Angalieni!" Shergazy alinguruma. "Kiriba kilichompiga mbwa mwitu! Mkwe wangu amekifufua! Na hapa, ubavuni hapa..." Akakigeuza. Akakigeuza tena upande wa pili. Akapitisha kiganja. "Ubavuni hapa..."

Kalyicha akanyanyuka. Yaani alitaka kunyanyuka. Alifika nusu, godoro likanyanyuka naye. Gauni lake lilikuwa limeshonwa kwenye godoro kwa uzi mara mbili, na godoro lile kwenye la chini yake. Hema zima likaangua kicheko.

"Tumemshona mshonaji!" Burulsun alipiga kelele, machozi ya kicheko yakimtoka. "Fumua sasa, bingwa!"

Kalyicha akabaki hivyohivyo, nusu amesimama, magodoro mawili yanamning'inia nyuma. Angeweza kukaa. Angeweza kucheka na wengine, neno likapotea humo. Lakini alikwisha simama, na alijua akikaa hatasimama tena.

"Mkwe Shergazy," alisema. "Kiraka hakipo. Nilikibandua mimi, kwa mikono yangu. Kilikuwa kinaipasua ngozi, na sikujua habari yake. Nilikitupa uani, mbwa wangu akakila. Kosa ni langu, si la mtoto. Msimwite jina. Niiteni mimi."

Kicheko kikakatika. Jipar akainua macho chini ya ushungi, akamtazama mama yake. Uso wa Shergazy ukasawijika, kisha ukawa mwekundu mpaka masikioni.

"Kimeliwa," Shergazy alisema. "Kiraka cha baba yangu kimeliwa na mbwa." Akamwinulia kiriba. "Na shimo, mkwe? Alama ya jino? Hiyo angalau uliiona. Waambie watu. Waambie uliiona!"

Watu wote wakamgeukia Kalyicha. Tolomush, unga umemganda usoni, akaacha kutafuna. Neno lilikuwa mdomoni mwa Kalyicha, limeiva, na lingemtoa yeye na mwanawe kwenye aibu kwa pumzi moja. Pembeni yake Bibi Totuya alikuwa amemkazia macho, hapepesi.

"Shimo niliona, nikaliziba," Kalyicha alisema. "Ya mbwa mwitu mimi siyajui, mkwe. Sikuwapo. Mimi najua kushona tu."

"Lakini ulipoangalia..."

"Shergazy, kaa chini," alisema Bibi Totuya.

Akakaa, miaka sitini na tatu na ndevu zake zote.

"Kiraka nilimwagiza mimi akitoe. Nilimpigia simu. Kilinichosha macho kile kidude. Sasa mnamsimamisha mkwe wangu kama mwizi wa kondoo, kwa jambo nililomtuma mwenyewe? Kiraka kilikuwa cha mume wangu. Ni changu, si chako. Na mbwa aliyekila, afya kwake. Mbona bibi arusi hajapewa kumisi? Mnangoja iwe jibini?"

Bibi Totuya hakuwa na simu. Hakuwahi kuwa nayo, na alikataa hata kuishika, na hakuna mtu ndani ya hema lile asiyelijua hilo. Lakini nani angemwambia? Burulsun ndiye aliyecheka kwanza, kisha mwingine, kisha kelele zikarudi zote, kumisi ikamiminwa, Jipar akanywa bakuli zima mpaka chini na wanawake wakapiga vigelegele. Kiriba hakikudondosha tone. Watu wakakizunguka, wakaipapasa nakshi. Mzee mmoja wa Issyk-Kul akasema kazi kama ile alikuwa hajaiona tangu utotoni.

Kalyicha alikuwa amekaa tena. Akamgeukia Bibi amshukuru. Bibi akamvuta kwa mkono mpaka vichwa vikakaribiana.

"Uliona moto," alinong'ona.

"Niliona, mama."

"Na hukusema."

"Halikuwa langu."

Bibi akatikisa kichwa taratibu. "Siku ya tatu ya uarusi wangu. Mamkwe alinipa kiriba nikifukize moshi. Mamkwe yule, Mungu amrehemu, ulimi wake ungekata kamba. Nikatoka nje mara moja tu, ndama amefunguka kamba. Kurudi, kitanzi cha kukitundikia kimekatika, kiriba kiko juu ya makaa. Nikakitoa. Kimeungua, kimejikunja, lakini hakijatoboka. Nikakificha nyuma ya magodoro, upande ulioungua ukutani. Sikumwambia mtu. Nililia, nikasema kesho watanirudisha kwetu. Asubuhi naamka, Sadyrkul ameondoka na farasi, na kiriba amekwenda nacho. Siku tatu. Siku ya tatu anarudi, buti moja fupi, kiraka, na mbwa mwitu. Mamkwe akachinja kondoo kwa furaha. Nikampika mimi."

"Hukumuuliza?"

"Ningemuuliza nini, mwanangu? Kama mbwa mwitu ni wa kweli, nimejifichua mwenyewe. Kama ni wa uongo, nimemvua nguo mume wangu. Nikasema nitamuuliza mwaka ujao. Tumeishi miaka hamsini na minne. Nimemzaa huyu mwenye kelele na wenzake sita. Hakuniambia, sikumuuliza, akafa." Akakaza mkono wa Kalyicha kwa nguvu ambazo usingezidhania. "Nimekaa nikijisemea, labda aliondoka gizani, hakuona kitu. Labda mbwa mwitu aliuma palepale, bahati tu. Mtu hajui. Wewe ndiye pekee uliyeona chini ya kile kiraka. Niambie. Jino lilikuwapo?"

Kalyicha alimtazama yule bibi, na mara hii hakuwa na la kupima.

"Hakuna jino, mama. Ni kisu. Alikata sehemu iliyoungua, mviringo, akaitoa yote, pole pole, asibakize. Mkono wake ulikuwa mzuri. Alichukua muda."

"Kwa kisu."

"Kwa kisu, mama."

"Basi alijua," alisema Bibi Totuya. "Alijua tangu asubuhi ile."

Machozi yakamtoka, na huku yanatoka alikuwa anacheka, mabega madogo yakitikisika, mkono umefunika mdomo kama msichana. Kalyicha akamkumbatia kwa namna aliyoweza, godoro na yote.

Shergazy aliwaona kutoka upande wa pili. Akaja na bakuli mkononi, bado ana haya kidogo usoni. "Mama? Mnalia nini? Mnanong'ona nini nyie wawili?"

"Mambo yangu na baba yako," alisema Bibi, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Mmiminie mkwe. Kisha nimiminie na mimi, na ujaze."